Maji Kabla ya Kisu

Mshipa wa mkono wa kushoto ulikataa. Wa kulia nao ukagoma. Kaputi akaupigapiga mkono wa yule bibi kwa vidole viwili, akaukunja, akaukunjua, akaufunga mpira juu ya kiwiko, akangoja. Wapi! Ngozi tupu, kavu kama karatasi ya kufungia sabuni.

"Bibi, mishipa yako imeenda wapi leo?"

"Imeenda kutafuta maji," bibi akajibu. Ulimi ulikuwa unamganda mdomoni, kila neno linatoka kwa kubanduliwa. "Mjukuu wangu, nisukutue tu. Sitameza. Nakuapia."

Pale hospitali wote walimwita Kaputi kwa sababu ya kazi yake: nusu kaputi, kumlaza mtu usingizi ili akatwe, halafu kumwamsha. Jina lake lenyewe lilibaki kwenye kitambulisho na kwa mama yake mzazi. Alikuwa mtu asiyejua kutulia. Hata akisubiri mgonjwa azinduke, anazunguka meza kama anatafuta kitu alichoangusha. Na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mara ya mwisho kunywa ni lini, bibi?"

"Jana usiku, kabla taa hazijazimwa. Asubuhi wakasema mimi wa kwanza. Nikajikaza kisabuni. Wakaja wakasema ngoja, kuna aliyepasuka utumbo. Nikangoja. Halafu mwingine tena. Sasa hata jua sijui limefika wapi."

Jua lilikuwa limeshapita utosini zamani. Watu wa ofisini walikuwa wameshakula mchana, wameshapiga miayo, wengine wanatafuta sababu ya kutoka mapema. Na huyu bibi hajapata hata tone.

Mwishowe mshipa ukapatikana, kauzi kadogo karibu na kidole gumba. Kaputi akamlaza. Dawa haijamaliza hata kuingia, presha ya bibi ikaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mashine ikaanza kulia. Kaputi akafungulia dripu yote, akaukamua ule mfuko wa maji kwa mikono miwili, akaongeza dawa ya kupandisha presha, jasho likamchuruzika mpaka ndani ya miwani. Roho ilikuwa juu juu. Presha ikarudi, lakini kwa kujivuta, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama na kisu mkononi. Huyu walimwita Mrefu, kwa kuwa taa ya thieta, chumba cha upasuaji, ilimgonga kichwa kila siku ya Mungu. "Vipi? Nikate au nisikate?"

"Kata. Alikuwa amekauka tu."

"Amekaushwa na nini?"

"Na sisi," Kaputi akasema.

Ngiri ya bibi ikashonwa salama, akaamka, akapelekwa kitandani. Kaputi akavua glavu kama nyoka anayejivua gamba, akatoka mbio kuelekea wodini.

Sasa, wodi ya upasuaji ilikuwa na mwenyewe. Sista mkuu wa wodi ile aliitwa Kamanda, na walioanza kumwita hivyo hawakuwa wanatania. Vitanda vyake vilinyooka ungedhani vimepimwa kwa uzi. Shuka likikunjamana analiona kutoka nje ya dirisha. Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, aliandika kwa mkono wake: MWENYE OPERESHENI, KUANZIA SAA SITA USIKU, HAKUNA KUPITISHA KITU MDOMONI. Manesi walisema kwa chinichini kwamba hata mbu wa wodi ile wanafunga.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kamanda alikuwa mama mkwe wake Kaputi. Mkubwa wako wa kazi unaweza kumkunjia sura, mkanuniana wiki nzima, mambo yakaisha. Lakini utamfokea vipi mtu ambaye kila Jumapili unakula kwake umebana magoti kama mwanafunzi mgeni?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona mbio, kuna moto?"

"Naomba niseme kitu, mama. Bila kukukosea heshima."

"Ukianza hivyo ujue umeshakosea. Sema."

Kaputi akasema. Akasema wagonjwa wanamfikia wamekauka kama dagaa. Akasema yule bibi nusura amfie mikononi. Akasema mwongozo wa siku hizi ni mwingine: chakula kikome masaa sita kabla ya usingizi, ila maji matupu ni ruhusa mpaka yabaki masaa mawili, maana maji hayakai tumboni, yanapita upesi. Alivyokuwa anasema ndivyo alivyokuwa anazunguka meza ya sista.

Kamanda akamngoja amalize mzunguko. "Wewe hukuwepo," akasema. "Kulikuwa na baba mmoja hapa, alikula kwa kujificha. Akalazwa, akatapika usingizini, chakula kikamwingia kwenye mapafu. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia mkewe pale nje kwenye benchi. Umewahi kumwambia mke wa mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi. Tangu niandike pale ukutani, hakuna aliyetoka wodi hii na tumbo limejaa. Hata mmoja."

"Lakini yule alikula, mama. Maji si chakula."

"Waliokauka umewaona wangapi?"

"Huyu wa leo. Na juzi kulikuwa na..."

"Huyu wa leo na wa juzi. Mkwe, wawili si wodi. Nenda kahesabu. Wote. Uje na ukweli mzima, ndiyo unifokee vizuri. Hapa sasa hivi unanipigia kelele tu, ila kwa adabu."

Kaputi akatoka masikio yanawaka. Akala yamini: atahesabu mpaka mama mkwe mwenyewe aombe rangi ya kufuta ule ukuta.

Neno ukaguzi watu wakilisikia wanaanza kuficha simu zao, wanadhani kuna mtu anakuja kufukuzwa. Ukaguzi wa huduma wala hauko hivyo. Unauliza kazi inatakiwa ifanyike vipi. Unaangalia inafanyika vipi kweli. Unaona pengo, unaliziba, halafu unarudi kupima kama limezibika au umelipaka rangi tu. Watu wengi wanaishia kulalamika kwenye chumba cha chai. Kaputi naye alikuwa bingwa wa chumba cha chai, mpaka siku ile.

Akaanza. Kila mgonjwa anayefikishwa mlangoni mwa thieta, anamuuliza amekunywa mara ya mwisho lini.

"Tangu juzi," akajibu fundi mmoja wa ujenzi, kifua mbele.

"Juzi?"

"Hata mate nayatema, dokta."

Akaja mama mmoja wa uvimbe. "Mimi tangu Jumatano."

"Mama, leo Jumanne. Jumatano ipi?"

"Yoyote unayoitaka wewe, baba, mradi nisirudishwe."

Kaputi hakusikia lile la mwisho. Alisikia Jumatano tu, akaandika. Siku zikaenda, hesabu zikanona. Akawa anatembea hospitali nzima anatabasamu peke yake kama aliyeposa. Jioni moja akamwonyesha mkewe. Mke huyu alikuwa msusi, ana saluni yake, na msusi anasikia uongo kuanzia asubuhi mpaka kufunga.

"Mtu hajanywa tangu Jumatano?" mkewe akauliza. "Angekuwa ameshazikwa, mume wangu."

"Ndiyo uone hali ilivyo mbaya!"

"Ubaya ni wewe. Umejifunika uso, macho ndiyo yanaonekana. Nyuma yako visu vimepangwa. Halafu unamuuliza mtu, umekunywa? Mimi ningekwambia sijanywa tangu nizaliwe. Anaogopa utamrudisha nyumbani na ugonjwa wake."

Kaputi akakaa chini. Halafu akasimama. Halafu akakaa tena.

"Kwa hiyo zote hizi ni uongo?"

"Si zote. Ila utajuaje upi ni upi?"

Iliuma. Kazi ya wiki nzima akaichana vipandevipande, akaitia kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya viazi. Lakini hakuacha. Mkewe alimjua, wala hakumbembeleza. Alimwambia tu: "Waulize kitandani asubuhi, huna barakoa, umekaa chini kama mtu. Kwanza waambie hakuna anayerudishwa kwa kusema kweli."

"Kitandani ni kwa mama yako. Niombee."

"Muombe mwenyewe, ni sista wako."

"Ni mama yako!"

"Nyumbani. Kule ni Kamanda."

Kesho yake akaenda kumuomba. Kamanda akamsikiliza, akafunga kalamu, akasema sawa, ila kwa sharti moja. "Tutapita wote. Usije ukajipikia hesabu halafu ukanipakulia mimi."

Ndiyo ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya operesheni, mkwe upande huu wa kitanda, mama mkwe upande ule. Mwanzoni wagonjwa walimtazama Kamanda kwanza kabla ya kujibu. Akawaambia mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kuamuru hata akiwa anabembeleza: "Sema kweli. Hakuna atakayekufanya kitu. Akikufanya nitamfanya mimi."

Wakasema. Mmoja alikunywa kwa siri chooni, kiganja kimoja. Mwingine alikuwa amenyonya taulo alilonawia uso. Dada mmoja wa uvimbe wa titi, ambaye operesheni yake ilikuwa imeahirishwa siku mbili mfululizo na mara zote alikuwa amefunga tangu usiku, alisema taratibu, anatazama dari: "Sista, jana nililamba bomba la bafuni. Lilikuwa halitoi maji. Nililamba tu ule ubaridi."

Kamanda akainama. Akamnyooshea shuka, ingawa shuka lilikuwa limenyooka. Kaputi akaangalia pembeni, maana hakuwahi kumwona mama mkwe wake akiwa namna ile.

Mwezi ukaisha, wakakaa kwenye kiofisi cha sista, mlango umefungwa. Karibu wagonjwa wote walikaa zaidi ya nusu siku bila tone. Waliokaa vile mwongozo unavyotaka ungewahesabu kwa mkono mmoja, na vidole vingebaki.

Kaputi alikuwa ameingoja siku hiyo. Alikuwa na maneno yake yamepangwa, ya adabu lakini makali. Akavuta pumzi.

"Kabla hujaanza," Kamanda akasema, "nikuulize. Kwa nini wote wanafunga toka usiku?"

"Kwa sababu ya maandishi yako ya mlangoni, mama."

"Na maandishi yako pale kwa nini? Asubuhi mnaniletea mpangilio, huyu wa kwanza, huyu wa pili. Chai haijapoa mmeshaubadilisha. Mnaniambia? Nani kaniambia hata siku moja? Anayefuata namjua ninapoona machela iko mlangoni. Kama sijui nani anaingia lini, nimpe nani maji, nimnyime nani? Mimi nawafungisha wote, basi, nilale."

 Picha yote ikamjia Kaputi. Mrefu anapaza sauti, "Leteni yule wa utumbo kwanza!" Msukuma machela anatoka mbio. Na yeye Kaputi yuko pale pale, simu iko ukutani mkono unafika, na haijawahi kumpitia akilini kuinyanyua. Alikuja ameshika kisu, kumbe kina makali pande zote mbili. Akasimama, akaanza kuzunguka.

"Kaa chini, mkwe, unanitia kizunguzungu."

"Mama, nusu ya kosa ni letu sisi wa thieta."

"Nusu?"

"Nusu na robo."

"Hapo sawa. Robo iliyobaki naibeba mimi. Sasa twende kwa huyo Mrefu wenu."

Mrefu alikuwa kwenye chumba cha madaktari, miguu juu ya kiti kingine kwa kuwa haikuwa na pa kwenda. Akawasikiliza, akatikisa kichwa.

"Nimepasua watu miaka yote hii. Sijaona aliyekufa kwa kiu."

"Yule bibi wa ngiri alibakiza kidogo," Kaputi akasema. "Ulikuwepo. Ulisimama na kisu chako kama mtu aliyesahau alichotumwa."

"Na akitapika mezani? Ndugu zake atawajibu nani, mwongozo?"

"Nitawajibu mimi."

"Mimi ndiye niliyemjibu mke wa yule aliyetapika," Kamanda akasema, "na nimekubali tujaribu. Wewe unaogopa nini?"

Mrefu akashusha miguu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea. Akafikiri kidogo. "Haya. Mwezi mmoja. Simu mtapiga, mimi sijali. Lakini akiingia thieta hata mmoja na tumbo limejaa, maji yanatoka wodini siku hiyo hiyo, na wewe Kaputi usinirudie tena na habari zako za mwongozo. Maisha."

"Maisha," Kaputi akaitikia.

Wakapiga moyo konde, wakaanza. Mpango haukuwa na mbwembwe. Mgonjwa akishalala mezani, thieta inapiga simu wodini: fulani ndiye anayefuata, funga kinywa chake, fulani bado yuko mbali, mpe kikombe cha maji. Dharura ikiingilia kati, simu kwanza, kisu baadaye. Wenye utumbo uliojifunga hawahusiki, wao wana dripu zao. Kamanda akaleta fundi, ule ukuta ukapakwa upya: CHAKULA MWISHO SAA SITA USIKU. MAJI MUULIZE SISTA. Manesi wakapita wanausoma mara mbilimbili, wanafikiri wameota.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Kaputi akawa anapiga simu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Kamanda wodi! Kitanda cha tatu kinakuja, kitanda cha saba mwagilia!" Mrefu akawa ananung'unika kwamba thieta imegeuka stendi. Ila hata yeye aliona dripu zinaingia upesi, wagonjwa wanaingia wakiwa na akili zao, mmoja hata alimsalimia.

Halafu ikaja Alhamisi.

Kaputi akapiga simu kama kawaida. "Mama, anayefuata ni yule dada fundi cherehani, wa mawe kwenye nyongo. Yuko sawa?"

Ikaja sauti ya Kamanda, ya chini, ile ambayo manesi waliiogopa kuliko ya juu: "Hayuko sawa. Amekunywa chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

 Maziwa tumboni ni sawa na chakula. Kaputi akaweka simu chini, na alipogeuka Mrefu alikuwa nyuma yake, amesikia kila kitu. Wakatoka wote wawili, mmoja anakimbia, mwingine hana haja ya kukimbia kwa miguu ile.

Wodini walimkuta dada fundi cherehani amejifunika shuka mpaka puani kwa aibu. Kando ya kitanda amesimama shemeji yake, kaka wa mumewe, chupa ya chai kwapani, anajitetea kwa watu wote na kwa dari.

"Si mlisema anywe!"

"Tulisema maji," nesi mmoja akasema.

"Na chai ni nini? Si maji yaliyopata elimu?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, akashika mshono wake, akaacha kucheka.

"Nilisema nini?" Mrefu akanguruma. "Nilisema nini mimi? Imeisha. Vikombe vitoke, madumu yatoke, turudi tulikokuwa. Kaputi, tulikubaliana, tena maisha."

Kaputi alijua ameshikwa. Maana ni kweli walikubaliana. Akaona mwezi wote unamwagika pale chini, kuchana karatasi, kukaa vitandani, yule dada na bomba lake la bafuni. Akakunja ngumi mfukoni, akatafuta la kusema.

Kamanda akamtangulia. Alisogea akasimama mbele ya Mrefu, akainua uso, maana hakuwa na namna nyingine.

"Dokta, huyu kaingia thieta?"

"Ameshakunywa..."

"Sijauliza amekunywa nini. Kaingia?"

"Hajaingia."

"Wewe ulisema akiingia. Hajaingia. Amekamatwa hapa, na nimemkamata mimi, kwa sababu simu ya thieta imenilazimisha nije nimuulize uso kwa uso. Zamani nilikuwa siulizi. Nilikuwa nimeuamini ukuta. Ingekuwa zamani, chupa hii ingekuwa chini ya shuka na huyu angekaa kimya mpaka mezani kwako. Unafikiri yule baba wa zamani alikula kwa kujificha kwa nini? Kwa utundu? Watu wanajificha kwa sababu tunawatesa, halafu hawatuambii kwa sababu wanatuogopa. Huyu kaniambia!"

 Shemeji alikuwa ameishusha chupa.

"Kosa lipo," Kamanda akaendelea. "Tulimwambia mgonjwa, hatukumwambia anayemletea chupa. Hilo naliondoa leo, kabla jua halijazama. Lakini maji hayatoki wodini kwangu."

"Na mwezi haujaisha," Kaputi akapachika.

Mrefu akawatazama, mkwe na mama mkwe, bega kwa bega. "Kamanda, hata wewe? Wewe uliyefungisha mpaka mbu?"

"Mimi hasa."

Mrefu akajikuna kisogo, pale taa inapogonga. "Haya. Huyu asogezwe mpaka mwisho wa foleni ya kesho. Aliye tayari sasa ni nani?"

"Baba wa goti, kitanda cha pili. Maji ya mwisho kanywa asubuhi, muda umeshapita vizuri. Mchukue."

Jioni ile, saa ya kuona wagonjwa, Kamanda mwenyewe alisimama mlangoni na kumzuia kila ndugu anayeingia. "Una mtu wa operesheni? Simama hapa kwanza. Maji meupe, unayaona mpaka chini ya kikombe. Chai ya maziwa ni chakula. Juisi yenye nyamanyama ni chakula. Rudia nilichosema." Wakawa wanarudia kama watoto wa chekechea, mzee na mvi zake anasema maji meupe, unayaona mpaka chini. Aliyekosea alirudishwa nyuma ya mstari.

Mwezi ukatimia. Hakuna aliyetapika. Wakapita tena vitandani kila siku kama walivyopita mwanzo, maswali yale yale, bila kubadili hata nukta, ili wasijidanganye. Wakafunga mlango wa kiofisi wakajumlisha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa sasa walikuwa wamekunywa vile inavyotakiwa.

Kaputi akapiga meza. Akatoa soda mbili alizokuwa amezificha kwenye mfuko wa koti. "Mama, tumewaweza!"

Kamanda hakugusa soda. "Na hawa waliobaki?"

"Mama, tulianzia vidole vya mkono mmoja..."

"Sijakuuliza tulikotoka. Nakuuliza hawa. Wametoka lini na lini?"

Wakaangalia.  Karibu wote waliokauka walikuwa wa Jumatatu. Na Jumatatu yeye hayupo thieta, yuko jengo la pili anawapima wagonjwa wa wiki inayofuata. Akiwepo, simu inalia. Asipokuwepo, simu inalala. Hawakuwa wamebadilisha hospitali. Walikuwa wamembadilisha Kaputi tu.

"Unaona?" Kamanda akasema. "Ukiugua siku mbili, wagonjwa wangu wanarudi kulamba bomba."

Kaputi akaiacha soda ikitoa mapovu. Akaenda moja kwa moja kwa Mrefu, hata hodi hakupiga.

"Jumatatu simu ni yako."

"Mimi?" Mrefu akacheka. "Mimi ni daktari wa upasuaji, si karani wa mapokezi."

"Foleni anaibadilisha nani?"

"Mimi, lakini..."

"Basi anayeibadilisha ndiye anayejua. Mkono wako unafika kwenye simu hata ukiwa umesimama mlangoni, dokta. Kabla hujanawa, nyanyua, sema maneno mawili, weka chini. Ukikataa nitakuja kukuuliza kila siku, na unanijua, sichoki wala sioni aibu."

"Hilo najua," Mrefu akasema. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Jumatatu, Kaputi alipita wodini kabla ya kwenda jengo la pili. Alisema anapita tu, lakini alizunguka vitanda mara tatu, na Kamanda akaacha kumfukuza. Wagonjwa wawili wa operesheni walikuwa wameketi, mama wa uvimbe wa shingo na mzee wa ngiri, wote vinywa vimefungwa, maana saa yao ilikuwa imekaribia. Nje machela ikapita kwa kasi, magurudumu yanapiga kelele, ina kijana anayeugulia ameshika tumbo. Dharura. Mama wa shingo akafumba macho. Mzee akaguna, akalala chali, akageukia ukuta.

Kamanda alikuwa mezani anaandika. Hakuinua uso. Kaputi akaitazama simu. Kimya. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, akarudi, akapiga nyingine.

Simu ikalia.

Kamanda akanyanyua, na ile sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa mpaka vitanda vya mwisho viliisikia: "Kamanda! Nimeingiza dharura, tumbo limepasuka, nitachelewa sana. Wape maji wale wawili!" Halafu kule simu ikagongwa chini.

Mama wa shingo akafumbua macho. Kamanda akaweka simu taratibu, akamwangalia mkwe wake aliyekuwa amesimama pale katikati ya wodi anacheka peke yake.

"Usinitumbulie macho," akamwambia. "Mimina."